NANI ATAISOMA SAMPULI YA BIHARAMULO?

Na Mwandishi Wetu

Msafiri anayetoka Kahama kuelekea magharibi hufika Nyakanazi, njia panda iliyomo wilayani Biharamulo. Hapo malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam hupumzika kabla ya kuagana. Mengine hushika njia ya Kibondo na Kigoma. Mengine hupanda hadi Lusahunga, kisha hugeuka kuelekea Ngara, ambako hutafuta ama daraja la Rusumo liingialo Rwanda, ama kituo cha Kabanga kwenye mpaka wa Burundi. Madereva hula, hulala, huziba pancha. Mama ntilie wa mahali hapo husikia lafudhi za nchi tatu nne kabla jua halijachwa.

Barabara hiyo hiyo hupitisha pia vitu visivyolipiwa ushuru, na homa ni mojawapo.

Tarehe 14 Januari, 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba palikuwa na watu tisa wilayani Biharamulo na Muleba walioshukiwa kuwa na ugonjwa wa Marburg, na kwamba wanane kati yao walikwisha kufa. Siku iliyofuata Serikali ikaeleza kuwa sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliwatangazia wananchi kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Sampuli yake ilipimwa katika maabara inayohamishika ya Kabaile, mkoani Kagera, na baadaye ikathibitishwa Dar es Salaam. Sampuli nyingine 25 hazikuwa na kirusi hicho.

Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi, 2025. Hesabu ya mwisho ilikuwa watu kumi: wawili waliothibitishwa na maabara, na wanane waliohesabiwa kwa kufuata dalili zao na watu waliokutana nao. Wote kumi walikufa. Wale wanane walikufa kabla maabara haijatamka neno.

Ni kwa sababu ya hao wanane, ndugu msomaji, kwamba leo ukurasa huu wa jamaa unazungumzia kazi ambayo kwa jina lake tu inaweza kumchosha mtu: kazi ya mtafiti wa bioinfomatiki katika chuo kikuu, anayefundisha mashine kutambua maradhi. Mfanyakazi wa kiwandani akikutana na tangazo la kazi kama hiyo gazetini hufungua ukurasa wa michezo. Mshahara wake ni wa msomi, mahali pake pa kazi ni mbele ya kompyuta, na hashiki sindano wala hamgusi mgonjwa. Atamfaa nini mama wa Nyakahura mwenye mtoto anayechemka?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu lisilo na mbwembwe.

UGONJWA ULIOPEWA JINA LA NGUO

Tuanzie nyuma kidogo, kwa kuwa mkoa wa Kagera umewahi kulipa gharama ya kuwa na ugonjwa ambao hapana aliyeweza kuusoma. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana mkoani humo. Watu walikonda, wakahara, wakafa. Wananchi, wakiwa hawana jina la kitaalamu, waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani kutoka Uganda. Jina la nguo lilibeba dhana nzima: kwamba ugonjwa umeletwa na biashara, na kwamba aliyeugua amejitakia.

Mwaka huo huo wa 1983, wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Ufaransa, walikitenga kirusi kinachosababisha ugonjwa huo. Mwaka 1985 maandishi yake ya urithi, yenye herufi zaidi ya 9,000, yalikuwa yamekwisha kusomwa yote na kuchapishwa. Sisemi kwamba kusomwa huko kungewaponya waliokuwa wakiugua Kagera. Dawa za kufaa zilichelewa kwa miaka mingi. Lakini kipimo cha damu, kinga ya damu ya kuongezea hospitalini, na hatimaye dawa zenyewe, vyote vilitokana na kutengwa na kuchunguzwa kwa kirusi hicho. Wasomaji walikuwa mbali. Wazikaji walikuwa hapa.

KUSOMA HERUFI ELFU KUMI NA TISA

Kila kiumbe kina maandishi yake ya urithi, ambayo wataalamu huyaandika kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Mwanadamu anazo herufi zipatazo bilioni 3. Kirusi cha Marburg, ambacho huishi katika popo wa mapangoni walao matunda, kinazo 19,000 hivi. Ukizichapa herufi hizo kwa herufi za gazeti hili, hazitajaza hata kurasa chache za toleo moja. Kirusi hicho kilipata jina mwaka 1967 katika mji wa Marburg, Ujerumani, ambako wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kugusa kima walioletwa kutoka Uganda. Katika mlipuko ule wa Ulaya waliugua watu 31, wakafa saba.

Kipimo cha PCR, ambacho wengi wetu tulikisikia wakati wa UVIKO-19, hufanya kazi ya kunakili. Kipande kidogo cha maandishi ya kirusi kinanakiliwa kuwa viwili, viwili kuwa vinne, vinne kuwa vinane, na baada ya mizunguko 30 nakala zimepita bilioni moja, hata mashine haiwezi kukosa kukiona. Ni kipimo kizuri sana, ila kina tabia moja: hujibu swali ulilouliza tu. Ukikiuliza habari ya Ebola kitakujibu habari ya Ebola. Na sampuli ikichukuliwa mapema mno, au ikiharibika njiani kwa joto, kipimo kitasema hapana kwa uaminifu mkubwa.

Kusoma herufi zote ni kazi nyingine. Mashine za kusomea siku hizi zimekuwa ndogo; iko moja, iitwayo MinION, inayoenea kiganjani, na mwaka 2015 ilibebwa katika mizigo ya wasafiri hadi Guinea kusoma kirusi cha Ebola papo hapo. Lakini mashine hiyo haitoi jibu la ndiyo au hapana. Inatapika vipande vya maandishi maelfu kwa maelfu, vimechanganyika: vya mgonjwa mwenyewe, vya bakteria wa ngozi yake, vya kirusi, na makosa ya mashine. Hapo ndipo mtu wa bioinfomatiki anapoketi kitako. Kazi yake ni kuvichambua vipande hivyo kama mtu aliyepewa gunia la magazeti yaliyochanwa chanwa, akaambiwa aunganishe tena habari moja tu iliyomo ndani, kisha aseme iliandikwa lini na nani alimnakili nani.

Hilo la mwisho ndilo lenye faida kwa mwananchi. Virusi vya wagonjwa wawili vikiwa na herufi zilizo karibu sawa kabisa, yaelekea mmoja alimwambukiza mwenzake, au wote wawili waliambukizwa na mtu mmoja. Vikitofautiana mno, basi ugonjwa umeingia mara mbili kutoka kwa popo. Rwanda, jirani wa Ngara ng'ambo ya mto Kagera, ilipatwa na Marburg kuanzia Septemba 2024. Waliugua watu 66 na kufa 15. Usomaji wa herufi ulionyesha kwamba virusi vile vyote vilitokana na uingiaji mmoja tu kutoka kwa mnyama. Kwa afisa wa afya anayepanga watu wake, habari hiyo ni amri ya kazi. Inamwambia awafuate waliokutana na wagonjwa, nyumba kwa nyumba, siku 21, kwa maana ndiko ugonjwa uliko. Kama jibu lingekuwa kinyume, nusu ya watu wake wangepelekwa mapangoni.

PANYA WA MOROGORO

Sehemu ya pili ya kazi hiyo ni kufundisha mashine. Maneno hayo huwatia watu hofu, pengine kwa sababu ya sinema. Mimi nimeona mfano bora kuliko wote hauko katika kompyuta, uko Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Hakuna aliyemweleza panya kifua kikuu ni nini. Anapitishwa kwenye sampuli ambazo wenye kufundisha wanazijua. Akisimama penye ugonjwa anapewa chakula, akisimama pasipo na ugonjwa hapati kitu. Baada ya miezi mingi ya mifano ya aina hiyo, panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika zipatazo 20. Sampuli anayoisimamia hurudishwa maabara, ikapimwa tena kwa njia ya kawaida. Panya haandiki dawa.

Mashine hujifunza vivyo hivyo. Inaonyeshwa maelfu ya picha za mapafu, hizi zenye kifua kikuu, zile hazina, hadi ipate kanuni yake yenyewe ya kutenganisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za namna hiyo zitumike kuchunguza kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, hasa kwa kuwa mahali pengi pana mashine ya eksirei lakini hapana daktari wa kuisoma picha.

Hebu sasa tuupeleke mfano huu Biharamulo, tuone unaponyooka na unapopinda.

Mashine hutaka mifano mingi. Malaria ina mifano mingi, nimonia inayo, kifua kikuu kinayo. Marburg ya Biharamulo ilikuwa na wagonjwa kumi. Hakuna mashine itakayofundishwa kwa wagonjwa kumi. La hatari zaidi ni hili: tuseme zahanati moja imepewa programu iliyofundishwa kwa wagonjwa wote wa homa wa miaka mitano iliyopita. Anakuja mtu mwenye homa kali, kichwa kinamgonga, maungo yanamuuma, anatapika. Programu imewahi kuona malaria mara elfu kumi na Marburg mara sifuri. Itasema malaria, na itasema kwa kujiamini sana. Muuguzi atamchoma sindano bila kuvaa glavu mbili. Katika mlipuko wa Bukoba wa Machi 2023, uliougusa watu tisa na kuua sita, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Basi aliyefundisha mashine hiyo ana deni. Yampasa aifundishe pia kusema "sijui". Yampasa ajue kwamba mkoa huu una popo, una mipaka, na una historia. Kwamba mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja na kupiga kambi Benaco wilayani Ngara. Kwamba mahali pa namna hiyo homa isiyoeleweka haifai kuandikiwa dawa ya malaria na kusahauliwa. Maarifa haya hayamo katika vitabu vya kompyuta. Yumkini mtu aliyeketi mbali anaweza kuyasoma, lakini atayasoma kama habari. Wa hapa anayajua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani.

Kuna kisa kimoja cha Marekani ambacho kila mtu wa kazi hii angepaswa kukikumbuka. Mwaka 2018 watafiti walichapisha habari za mashine iliyofundishwa kutambua nimonia kwenye picha za eksirei. Katika hospitali zilizotoa picha za kufundishia ilifanya vizuri; ilipopelekwa hospitali nyingine ikalegea. Walipoichunguza waliona kwamba mashine ilikuwa imejifunza kutambua picha imetoka hospitali gani, na kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na nimonia nyingi kuliko nyingine, ikalitumia hilo kama dalili. Yaani ilikuwa inasoma bahasha badala ya barua. Ikiwa hayo yalitokea kati ya hospitali za nchi moja, itakuwaje mashine ya nchi nyingine ikifikishwa Murgwanza au Rulenge?

KOMPYUTA ISIYOJIFUNZA ILIYOFAA

Nisije nikadhaniwa nazichukia mashine. Mwaka 2021 na 2022, katika zahanati na vituo vya afya 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Uswisi walijaribu programu iitwayo ePOCT+. Katika vituo 20 mhudumu alifuata maswali ya programu hiyo akimpima mtoto, akiwa pia na kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni na vipimo vichache vya damu. Vituo 20 vingine viliendelea kama kawaida. Jumla ya watoto walioonwa ilipita 44,000.

Katika vituo vya kawaida watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa viuavijasumu. Katika vituo vya programu waliandikiwa 23. Na baada ya siku saba, idadi ya watoto ambao hawakupona ilikuwa karibu sawa pande zote mbili, chini kidogo ya wanne katika kila mia. Mzazi aliyezoea kwamba mtoto hajatibiwa mpaka apewe chupa ya dawa ya rangi ya waridi, naomba aisome tena aya hii.

Lakini tazama: programu ile haikujifunza yenyewe. Kanuni zake ziliandikwa na waganga, mstari kwa mstari, na mganga mwingine anaweza kuzisoma na kuzipinga. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kuanzia kwa wilaya kama Ngara na Biharamulo. Mashine inayojifunza yenyewe ije baadaye, ije ikiwa na mtu wa kuisimamia, na ipimwe kama tunavyopima dawa.

MALARIA NAYO INABADILI HERUFI

Marburg hutisha, ila huja na kuondoka. Malaria haiondoki, na ni katika malaria kwamba msomaji wa herufi anahitajika kila siku. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba vimelea vya malaria nchini Rwanda vimeonekana na badiliko mahali pa 561 katika kinasaba kiitwacho kelch13, badiliko linalovifanya vichelewe kufa vinapopigwa na dawa ya artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto. Baadaye uchunguzi ulioongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chini ya Dkt. Deus Ishengoma, ulilikuta badiliko hilo mkoani Kagera, na zaidi wilayani Karagwe, inayopakana na Ngara kwa upande wa kaskazini. Dawa mseto ziliendelea kuponya, ingawa vimelea vilikawia kwisha katika damu.

Badiliko hilo halionekani kwa kipimo cha haraka cha zahanati wala kwa darubini. Linaonekana kwa kusoma herufi tu. Mwaka ambao dawa itaanza kushindwa kweli kweli, wa kwanza kujua anapaswa kuwa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, miezi mingi kabla mama wa Ngara hajaona kwamba mtoto amemaliza vidonge na homa imerudi.

KAZI YA MIAKA MIWILI

Sasa turudi kwenye tangazo la kazi. Tatizo kubwa la nafasi za namna hii halimo katika sifa zinazotakiwa. Limo katika muda. Nyingi hulipiwa na mradi wa wafadhili, miaka miwili au mitatu. Mwaka wa kwanza mtafiti anajifunza mahali, anajuana na waganga wa wilaya, anapata kibali cha sampuli. Mwaka wa pili anaanza kuona kitu. Mwaka wa tatu anaandika barua za kuomba kazi kwingine, na mara nyingi kwingine huko ni ng'ambo, ambako watu wenye ujuzi wake hugombewa. Sampuli zinabaki ndani ya jokofu, na kompyuta inabaki na nywila ambayo hakuna aiwezaye. Kama taifa linamlipa mwamuzi wa mahakama na mwalimu wa shule kwa kazi ya kudumu, sioni kwa nini msomaji wa maradhi yetu awe kibarua.

Jambo jingine ni siri. Maandishi ya urithi ya mtu ni yake na ya ndugu zake wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, na mtafiti anayechukua damu ya mtu wa Biharamulo analazimika kumweleza itakwenda wapi na itafanyiwa nini, kwa lugha anayoielewa. Mtu ambaye jirani zake walimkimbia wakati wa mlipuko hatatoa damu mara ya pili kwa fomu ya Kiingereza.

Wazazi huniuliza mara kwa mara watoto wao wasome nini. Kwa kazi hii jibu ni baiolojia na hesabu pamoja, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa shuleni mtoto anayependa viumbe huambiwa mapema kwamba anaweza kuzipa hesabu kisogo. Asizipe. Kompyuta atajifunza hata akiwa na umri wa miaka 20. Takwimu alizozikimbia akiwa na miaka 15 humsumbua mpaka uzeeni. Chuo Kikuu cha Muhimbili kimekuwa na watafiti wa vinasaba vya selimundu kwa miaka mingi, na Sokoine wanasoma herufi za virusi vya watu na mifugo, milango ipo.

Mwanafunzi wa Rulenge au wa Nyakahura ambaye sasa yuko kidato cha pili anaweza kuwa tayari kuomba nafasi kama hiyo baada ya miaka kumi hivi. Hiyo itategemea sana kama shule yake ina mwalimu wa hesabu.